Marehemu wa Kale wa Mkunya

Dada Rehema, shikamoo.

Upepo wa Newala unanitetemesha, ila ming'oko, mizizi yao ya porini ya kuchemsha, ni mitamu. Ulinicheka nilipokuja huku kutafuta hadithi ya upelelezi. Basi nimeipata, na siitaki tena.

Hapa Mkunya, watu waliokuwa wakichimba choo walikuta mifupa chini ya mikorosho. Inspekta alichungulia shimoni, akatangaza kwamba ni mtu wa kale. Mtu wa kale hana muuaji wa kutafutwa. Mtaalamu wa mambo ya kale niliyefuatana naye alifurahi kama bwana harusi. Mwenye shamba, Baba Hamisi, alifurahi kuliko wote, akatuletea chai.

Mtaalamu akafuta udongo kwa brashi, taratibu. Ikatokea zipu.

"Labda wazee wetu walikuwa nazo," inspekta akasema, wala hakutania.

Mama Zainabu, mke wa ndugu yake Baba Hamisi, akapenya katikati yetu. Miaka yote aliambiwa mumewe katorokea Msumbiji kwa mke mwingine. Akapiga magoti, akaugusa uzi mwekundu ulioishika zipu.

"Nimeishona mimi hii," akasema. "Shemeji, si uliniambia alivuka mto?"

Baba Hamisi akatupa birika, akakimbia. Vijana walimkamata huku inspekta akiwa bado anatafuta kofia yake. Leo inspekta anasema alijua tangu mwanzo.

Jana tumezika. Mama Zainabu alijifunga kaniki, akaniambia, "Sasa nami nina eda ya kukaa."

Mkumbatie shemeji, mumeo, kwa niaba yangu, dada. Mkumbatie sana.

Mdogo wako,
Selemani