Vichwa vya Treni Ndani ya Chumba cha Rahma

Wadi Kabir, Maskati
Jumatatu, baada ya Adhuhuri

Dada yangu Maryam,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Iddi Ndogo. Barua zako mbili nimezipata, na ya pili niliisoma nimesimama jikoni, maana kukaa kitako siku hizi ni jambo la kuombewa dua. Sikukusahau. Kila nikishika kalamu nilikuwa na hasira, na nilijua nikiandika na hasira zangu Mama atasomewa na atalia. Sasa hasira zimepungua, kimebaki kinyaa tu, na kinyaa mtu anaweza kukiandika.

Hali zenu vipi? Mguu wa Mama bado unavimba? Mwambie asiuning'inize akikaa barazani, autie mto. Suleiman wako keshaanza chuo cha Kurani au bado anamkimbia mwalimu? Na wewe mgongo? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Rahma ametimiza mwaka na miezi minane, anasema "maji" na "sitaki", na hilo la pili ndilo analolitumia zaidi. Shemeji yako Nassor naye mzima, mzima kupita kiasi.

Salamu hizi tu msomee Mama. Yanayofuata soma peke yako.

Unakumbuka kwamba kabla hatujaoana kiwanda anachofanyia kazi Nassor, huko Rusayl, kilimpeleka Ayalandi mwaka mzima kusomea ufundi wa mashine za baridi. Nyumba aliyokaa kule ilikuwa inatazama reli. Wenziwe walirudi na makoti na vyeti. Yeye karudi na cheti na kichwa cha treni. Si cha kweli, cha mfano, urefu wake kama mwiko wa uji, cha plastiki na chuma, kimepakwa rangi ya chungwa na nyeusi na kina namba ubavuni. Mimi nilipoolewa nikadhani ni pambo. Nilikuwa nakifuta vumbi, mjinga mimi, tena kwa mapenzi.

Leo viko arubaini na kitu. Vyote vya Ayalandi. Ukimletea cha Uingereza anaona umemtusi, ila akikosa hukichukua akakisilimisha, anakichubua rangi yake na kukipaka ya Ayalandi. Na haviendi popote, dada! Vyengine havijawahi hata kutoka kwenye sanduku. Akitoka kazini hupitia duka la intaneti Matrah, yeye na rafiki yake Khamis, wakasoma watu wa huko Ayalandi wanavyobishana juu ya treni zao, na wao wakatia neno. Mume wangu, ambaye salamu za mkwewe ananiachia mimi nimwandikie, anamwandikia mtu asiyemjua sura wala jina kurasa mbili juu ya dirisha la dereva.

Hayo yote niliyameza. Kilichonishinda ni joto lilipoanza.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukumbi, na mashine nzuri ya baridi ni moja tu, ile aliyoifunga Nassor mwenyewe chumba cha Rahma alipozaliwa. Ya chumbani kwetu inanguruma tu kama ngamia, baridi haitoi. Siku moja mwezi wa tano Nassor akafungua kabati letu akakuta kichwa kimoja kimepinda kwa joto, kimelegea kama mshumaa. Sijapata kumwona mtu yule analia msibani, lakini siku ile machozi yalimlengalenga. Siku ya pili yake vyote vikahamia chumba cha mtoto, pamoja na rangi zake, gundi zake na chupa za tina, yale maji ya kuyeyushia rangi. Na mashine ya baridi inataka madirisha yafungwe. Basi harufu yote ikawa inalala na mwanangu.

Rahma akaanza kukohoa. Nikampeleka hospitali. Daktari, mama wa Kihindi mpole, alimsikiliza kifua, kisha akalinusa shati lake akaniuliza, "Nyumbani kwenu kuna mtu anapaka rangi?" Akanambia neno ambalo halitaki kusoma sana kulifahamu, kwamba mtoto na harufu ile wasilale chumba kimoja.

Nikamfikishia Nassor. Akasikiliza, akasema, "Daktari kasema kweli." Nikashukuru Mungu nikaenda kuoga. Natoka, nakuta ametengeneza kwa akili yake. Amemtoa Rahma! Godoro la mtoto kalitandika ukumbini, njiani kabisa, karibu na mlango wa choo, kaliwekea feni la mezani. Treni zimebaki kwenye baridi.

"Nassor," nikamwambia, "hapa umetoa sicho."

"Vitapinda, Salma," akanijibu. "Mtoto hapindi."

Nimekuandikia kama alivyotamka. Mtoto hapindi.

Lile feni, dada, ukikaa mbele yake ni kama umefunua tanuri ya mkate. Hazikupita siku nne, mgongo mzima wa Rahma ukawa harara, shingoni zimetumbuka zinatoa maji. Analia akishikwa, analia akiwekwa. Mimi usiku nampepea kwa jalada la daftari, mchana nafua, napika, naokota. Na kila nikipita mlango wa kile chumba, kibaridi kinatoka kwa chini kinanipuliza vidole vya miguu. Nilikuwa naona uchafu. Sijui kukueleza vyengine. Naona uchafu kama mtu aliyekanyaga kitu.

Sasa la sufuria, na kama unakula weka kando kwanza. Ile sufuria ndogo uliyonipa wewe, ya uji wa Rahma. Asubuhi moja naingia jikoni naikuta juu ya moto mdogo inafuka mvuke, nikasema leo mwenzangu kaingiwa na huruma kampikia mtoto. Nafunua. Ndani mna kile kichwa kilichopinda, kinachemshwa ati kinyooke. Juu ya maji yanaelea magamba ya rangi ya chungwa, na utando wa mafuta, na nywele, nadhani za brashi. Na kinageuzwa kwa mwiko wa uji. Nilitapika, wallahi, na sina mimba, usianze. Yeye anasimama mlangoni ananambia, "Si nitaikosha!" Aliikosha kweli. Ikabaki na duara la chungwa ndani lisilotoka hata kwa mchanga. Nimeitupa, niwie radhi.

Alkhamisi iliyofuata wakaja wageni wake. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri huja, na ni wawili tu, Khamis na Ami Mbarak. Ami Mbarak ni Mwarabu mwenzetu wa bara, kazaliwa Tabora, na ujanani alifanya kazi stesheni pale pale. Yeye ndiye pekee kati yao aliyeishi na treni ya kweli. Nassor humwita apate kusifiwa, naye Ami huja kwa ajili ya halwa. Hukaa mle mle ndani ya baridi, chumba cha mwanangu, mimi nawapelekea tende, halwa na kahawa, na mwisho kabisa udi.

Huko Unguja udi ni wa kumheshimu mgeni basi. Huku una kazi nyengine pia. Chetezo kikishampitia mgeni ndiyo kuagana, hakuna kikao baada ya udi. Awe mkubwa vipi, atajifukiza ndevu, atasema mawili matatu, atatafuta viatu vyake. Ndiyo maana udi huja baada ya kahawa. Kuutanguliza ni kumwambia mtu ondoka.

Mimi siku ile nimekaa ukumbini nampaka Rahma dawa ya harara. Kalala kidogo, midomo wazi, nywele zimemganda kwa jasho. Mlango wao umefungwa lakini wanasikika wote.

"Rangi hii imezidi wekundu," anasema Khamis. "Nimewauliza wenyewe kwenye intaneti. Chungwa la Ayalandi linakwenda kwenye manjano."

"Ile ya zamani," anasema Nassor. "Hii ni ya baadaye. Tazama na mstari mweupe."

"Hebu niulize," anasema Ami Mbarak. "Huko Ayalandi michungwa inaota?"

"Haioti, Ami, baridi."

"Sasa chungwa wenyewe hawana, watajuaje rangi yake? Lete halwa."

Wakacheka. Kisha Nassor akaanza kilio chake cha kila wiki, kwamba reli za kule Ayalandi ni pana kuliko za Uingereza, lakini hivi vya mfano vimetengenezewa magurudumu ya reli nyembamba, na yeye akivitazama roho inamuuma.

"Zimepungua kiasi gani?" anauliza Ami.

"Kama nusu ya ukucha, Ami, lakini si haki. Kitu kinatakiwa kipewe nafasi yake."

Hapo ndipo, dada. Kitu kinatakiwa kipewe nafasi yake. Nilimtazama Rahma njiani pale, nikainuka. Kahawa ilikuwa tayari kwenye birika, halwa kwenye sahani. Sikuvigusa. Nikawasha mkaa, nikafunga mlango wa jikoni moshi usimfikie mtoto, nikatia udi mwingi, ule mzuri wa harusi yangu. Nikavaa buibui, nikabisha, nikakiweka chetezo kizingitini.

Nassor alikitazama chetezo kama kaletewa nyoka. Lakini udi ukishaingia haurudishwi, itakuwa aibu kubwa zaidi. Akakiokota, akampelekea Ami Mbarak.

Ami akajifukiza ndevu, hana haraka. "Haya, Khamis," akasema, "tumeshafukizwa. Inuka."

"Mbona kahawa hatujanywa?"

"Kahawa utakunywa kwa mkeo. Inuka, mwana wewe, au unangoja upigiwe filimbi?"

Wakatoka. Ami yuko mbele, anatafuta viatu, na godoro ndilo lililoziba njia. Alisita mguu juu. Akamwona Rahma, akaona na shingo. Nassor alikuwa amewaambia mtoto siku hizi analala kwetu, kwa mama yake, raha mustarehe.

"Nassor," akasema Ami, sauti ya chini. "Huyu ndiye?"

Nassor akainama kumtafutia viatu vyake.

"Stesheni ya Tabora hata gunia la karanga lisilokuwa na mwenyewe tulikuwa tunalitia kivulini." Akamruka mtoto kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya anayesali, akaenda zake. Mimi hakunitazama, lakini alisema, "Udi mzuri, binti yangu."

Mlango ulipofungwa Nassor akanigeukia. "Umenivunjia heshima! Umewafukuza watu nyumbani kwangu!"

"Sikumfukuza mtu. Nimefukiza udi."

"Kabla ya kahawa?"

"Kabla mtoto hajaiva."

"Sasa nivipeleke wapi? Haya, sema wewe! Nje ni joto, chumbani kwetu joto!"

"Wewe ndiye fundi wa baridi," nikamwambia, "mimi waniuliza nini? Nnalojua ni hili. Kesho Rahma analala chumbani kwake, na humo hamna treni wala kopo la rangi. Kama hapatoshi, utanikatia tiketi nimpeleke kwa bibi yake Unguja akalale barazani penye upepo, na utabaki wewe na hivyo vinavyopinda."

Sikupiga kelele. Nafikiri ndicho kilichomtisha.

Ijumaa hakusema na mimi. Baada ya sala akaanza kupakia masanduku, moja moja, kila moja kaliviringia taulo, taulo zangu. Kavipeleka Matrah kwa mama yake, ile nyumba yao ya zamani yenye kuta nene, mna ghala ya chini haipati jua. Mama mkwe kampokelea masanduku, lakini chupa za tina kamwambia zisivuke mlango wake, yeye hakumzaa ili amtie sumu. Zikaenda jaani. Laiti ningeliona.

Akarudi Magharibi imeshaingia. Mimi nakagua chumba, nakuta sanduku moja juu ya kabati.

"Hicho ni kile cha kwanza," akanambia. "Nilichokuja nacho. Hakina harufu, Salma."

Nikakishusha, nikakinusa. Kina harufu. Nikamkabidhi mkononi, na yeye akatoka nacho tena mpaka Matrah. Nilimwonea imani kidogo, siwezi kukuficha. Alikuwa amekishika kama kuku mgonjwa. Lakini sikumwita.

Sasa Rahma usiku wa tatu huu analala kwake. Harara zimeanza kukauka, kikohozi bado kipo lakini kimelegea. Jana nimemkuta Nassor kakaa sakafuni anampaka poda mgongoni, hajui kama namwona, nikapita. Kinyaa hakijanitoka, lakini. Zulia la mle ndani nimelibandua, lilikuwa limekula rangi na gundi mpaka limekuwa gumu kama kwato, na chini yake nikakuta vijigurudumu viwili na kitu kilichooza, sitaki kujua. Ukuta nimeusugua kwa siki na ndimu mara mbili. Ukitia pua pembeni harufu bado imo. Itatoka, nitaitoa.

Nisalimie Mama, mkono wake naubusu, mwambie Rahma analala chumbani kwake penye baridi, na mengine usimwambie. Msalimie shemeji Haji, na Mjomba Othmani wa dukani, na Bi Fatuma jirani aliyenifunza kupika, na Suleiman mwambie khalati yake anasema mwalimu hali watoto. Barua hii anakuja nayo Bi Shemsa, wa nyumba ya chini yetu, anakaa Unguja wiki mbili kisha anarudi. Mzigo ninaokuagiza hapo chini mpe yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Salma

Vyenyewe ni hivi, usizidishe wala usipunguze. Sufuria ndogo yenye mfuniko, kiasi cha vikombe vitatu, na mwiko wake wa mti. Mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe, chupa mbili, uzifunge midomo vizuri. Liwa la kumpaka Rahma. Mashuka mawili madogo ya pamba, meupe, nione kila doa. Na mkeka mmoja wa ukili, wa mwanamke wa Pemba anayesuka kwa kukaza, miguu tisa kwa miguu minane. Nimepima ukuta kwa ukuta, tena mara mbili. Mwambie asiupunguze hata kidogo, ujae chumba mpaka pembeni, maana pembe tupu Nassor ataiona ni nafasi.