Kisu kilichofungiwa kabatini

Jumapili, baada ya ibada. Upepo wa Agosti umeamka kabla yetu. Vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari, na midomo yangu imepasuka kwa baridi kavu. Sina hamu ya kuandika, lakini niliahidi.

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba nimepewa kisu cha kukunja, kile kikubwa cha kazi nzito, na kwamba nikishakishika vizuri nitawaeleza nimekionaje. Wachache mnaosoma blogu hii mkaniuliza mbona kimya. Sikujibu kwa sababu nilikuwa sijakishika. Nilikuwa nakitazama tu.

Sasa nimekishika. Basi nieleze.

Jambo la kwanza ni uzito. Kikikunjwa kinaenea kiganjani, na ukikitia mfukoni mwa sketi, sketi inalala upande mmoja. Mpini ni mweusi, una mikwaruzo ya makusudi ili mkono ulioloa usiteleze. Ubapa una sentimita tisa na nusu kwa rula yangu ya shule, na mgongo wake ni mnene kuliko wa kisu chochote cha jikoni kwetu. Unausukuma kwa dole gumba, unafunguka, halafu unasikia tak. Hiyo tak ni kufuli yake. Baada ya hapo hakikunjiki mpaka ubonyeze kibati kidogo kilichomo ndani ya mpini. Nimejaribu kukilazimisha. Kimekataa.

Makali yake yanakata kamba ya manila kwa mkato mmoja.

Hilo nalijua kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza, jana jioni. Kamba ilikuwa shingoni mwa mbuzi wangu, na mbuzi wangu alikuwa ameshakufa.

Kisu hiki nilikiomba mwenyewe. Wakati wa Pasaka baba mdogo, ambaye ni fundi wa mitambo kwenye kambi za barabara, alipita kwetu Miyuji akanikuta nyuma ya nyumba nikipunguza kwato za mbuzi kwa wembe uliovunjika. Akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza kama mwalimu wetu wa kilimo alivyotufundisha, kwamba ukwato ukiachwa unajikunja, unaficha uchafu, na mwisho mnyama anachechemea. Akacheka, akaniita daktari wa mbuzi, akaniuliza daktari anahitaji nini. Nikasema kisu kimoja kizuri tu.

Watu wazima huahidi mengi. Yeye alirudi nacho.

Hakunipa mkononi. Alikiweka juu ya kigoda, kama inavyofanyika kwetu, akasema, "Kisu hakipokezwi mkono kwa mkono, tutakuja kugombana bure. Okota mwenyewe, daktari."

Mkono wa mama ulifika kabla ya wangu.

"Kitu kizuri namna hii kitachakaa," alisema.

"Shemeji, hicho ni cha kazi, si cha maonyesho."

"Atakiona kila siku. Kuona nako si kutumia?"

Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka, kwa sababu nimefundishwa kucheka wakubwa wanapocheka.

Mnaokuja kwetu mnalijua kabati la mama. Lina milango ya kioo. Ndani kuna glasi sita zenye ukingo wa dhahabu ambazo sijawahi kuziona zikiwa na maji, seti ya chai ya harusi yake, chupa ya chai yenye maua, na sahani ambazo hutoka akija mchungaji na kurudi kabla hajafika getini. Juu yake pametandikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Ufunguo hukaa ndani ya mkoba wake, umefungwa kwenye ncha ya leso. Kisu changu kikawekwa mbele ya glasi, kimefunguliwa kidogo ili wageni waone ubapa. Kila nilipofagia sebuleni nilikiona. Nilikuwa hata nimeanza kuandika: "Kwa mbali kinaonekana imara." Nikafuta.

Sasa niandike ya jana, na niyaandike yote, pamoja na yale ya kwangu.

Mbuzi wangu aliitwa Kiranja, kwa sababu tangu mdogo alipenda kutangulia wenzake na kuwageukia kana kwamba anawahesabu. Alikuwa na mimba iliyokaribia. Mama aliniambia akizaa salama, wale wadogo ni wangu, nitawafuga nitakavyo hadi nimalize kidato cha nne, na kwamba mtu aliyefuga hadi wakaongezeka anaweza kweli kwenda kusomea mifugo. Aliyasema haya mbele ya baba, siku moja baba alipokuwa hayuko safarini na gari la ofisi. Kwa hiyo yalikuwa maneno ya kweli.

Jana mchana nilimfunga kwenye kiwanja cha jirani, penye nyumba iliyofika kwenye linta ikaachwa. Pale maji huvuja, kuna majani mabichi kidogo. Nilimfunga kwenye nondo iliyochomoza. Pembeni kuna shimo la choo lililoanza kuchimbwa likasahaulika. Nililiona. Niliona pia kwamba kamba ni ndefu. Na shingoni nilimtia kitanzi cha kujikaza, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye hesabu zangu. Mwalimu ametufundisha kwamba kitanzi cha kujikaza hakimfai mnyama. Katika jaribio nilipata alama zote za swali hilo.

Nilimsikia baada ya kama saa moja. Haikuwa sauti ya mbuzi ninayoijua.

Alikuwa ametumbukia. Kamba ilimshika, akawa ananing'inia kwenye ukuta wa shimo, na miguu ya nyuma ilikuwa inagusa chini kwa ncha za kwato tu. Alikuwa amesimama kwa kwato zile nilizozipunguza kwa wembe. Nilivuta kamba, sikumweza. Nilijaribu kufungua fundo kwenye nondo, lakini kwa ule uzito lilikuwa limekazana kama jiwe. Nikapiga kelele. Hakuna aliyetoka. Nikakimbilia nyumbani.

Nilikwenda moja kwa moja sebuleni. Kumbe njiani nilikuwa nimeokota jiwe, maana nilipofika mbele ya kabati lilikuwa mkononi, la ukubwa wa limau. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na mkoba wake, na leso yake, na ufunguo wake, na simu yake. Kisu kilikuwa hapo, karibu nami kama ilivyo simu hii ninayoandikia.

Niliinua mkono.

Nikaziona glasi. Nikafikiria vipande vikiwa kwenye zulia, na seti ya chai, na mama anavyonyamaza akikasirika. Niliwaza, bila mzaha, kwamba nitafagia na nini. Mkono ukashuka wenyewe.

Niliacha jiwe sakafuni, nikaenda jikoni nikachukua kile kisu chetu cha siku zote, ambacho mpini wake umefungwa mpira na ambacho hata ganda la nyanya hukisukuma kikarudi. Nilirudi mbio. Nilikata. Hakikukata, kilisugua. Nyuzi mbili tatu za manila zilisimama kama nywele, basi. Nilikuwa nikimwambia Kiranja simama, simama, na alisimama, nadhani alisimama muda mrefu kuliko mbuzi yeyote. Halafu magoti yalilegea.

Baba Zuhura alifika muda huohuo akitokea dukani. Ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu wa Kondoa, ndiye anayetuchinjia mtaa mzima, Wakristo na Waislamu, ili kila mtu aweze kula. Siku nyingine zote hunitania kwa jina lile la baba mdogo. Aliruka ndani ya shimo akamwinua, nami nikavuta, tukamtoa. Alimfunua jicho. Akaniangalia.

"Daktari," alisema, "huyu hachinjiki tena."

Nikamuuliza na wale wa tumboni. Aliweka kiganja kwenye ubavu wa Kiranja muda mrefu. Kisha akakiondoa, akajifuta kwenye suruali.

Hata nyama hakuna, basi. Mzoga hauliwi na mtu. Alienda kuchukua jembe.

Mama alitukuta hapo, bado amevaa kitenge cha kwaya. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama ninavyojibu maswali: kamba, kitanzi, shimo, kabati, jiwe. Nilidhani atasema juu ya kitanzi. Nilistahili. Alinitazama akauliza taratibu, mbele ya Baba Zuhura:

"Sasa kwa nini hukuvunja kioo?"

Sijawahi kuulizwa swali lililoniuma hivyo. Tangu nina miaka mitano nimefundishwa nisikimbie karibu na kile kioo. Nilipigwa mara moja tu katika maisha yangu, na ilikuwa kwa sababu ya kisosi kutoka mle ndani.

"Ningevunja, mama, ungesemaje?"

Nilisema kwa heshima, sikupandisha sauti. Baba Zuhura aligeuka akaanza kuchimba mahali ambapo alikuwa ameshachimba.

Mama aliingia ndani, akarudi na kisu kimefunguliwa, akanipa. Mkono kwa mkono. Hakuna kati yetu aliyekumbuka. Nilikata kamba shingoni mwa Kiranja kwa sababu sikutaka azikwe nayo. Ilikatika kabla sijakaza mkono. Nilitamani iwe ngumu kidogo. Nilitamani kisu kiwe kibovu, niseme kisingesaidia.

Nikakikunja. Tak.

Tangu hapo hatujazungumza ila salamu na chakula. Sijui kama ni ule mwiko wa kisu au ni sisi tu. Nina hasira na mama, na niandike wazi kwamba hasira hiyo naishika kwa nguvu kwa sababu nikiiachia, chini yake kuna kitanzi, na kile nilikifunga mimi.

Tumebaki na mbuzi mmoja, Naibu, binti yake Kiranja wa uzao wa mwaka jana. Leo tulipotoka kanisani nilimtoa nje nikajaribu kumlaza nimkate kwato. Peke yangu hawezekani, anapiga mateke. Mama alitoka, akasimama mlangoni, halafu akaja akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la Jumapili akamshika miguu. Nilikata ukwato kwa vipande vyembamba, kutoka kisigino kwenda mbele, mpaka nikaona weupe, nikaacha. Kisu kinafanya kazi hiyo kama kilichozaliwa kwa ajili yake. Nilipomaliza nilikiweka juu ya tofali. Mama akakiokota, akakifuta kwa upindo wa gauni, akakirudisha juu ya tofali. Nami nikakiokota.

Naibu alitembea akinyanyua miguu juu sana, kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Hayo ndiyo maoni yangu ya kwanza. Kisu ni imara, kizito, kikali, na hakikunjiki mpaka utake. Kosa sijaliona. Ningependa kuliona.

Nimekitia kamba nikakitundika kwenye msumari wa mlango wa banda, pale ambapo mkono wowote unafika. Mama ameona. Hajakitoa.

Lakini kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya niichukue simu ya mama niandike. Asubuhi nilipofagia sebuleni nililitafuta lile jiwe nililoliacha sakafuni, nilitupe. Sikuliona. Nilipoinuka nililikuta juu ya kabati, katikati ya kitambaa cha kufuma, mahali panapokaa chombo cha maua akija mgeni. Limefutwa vumbi. Mama ndiye aliyeliweka, hapa hakuna mwingine.

Milango ya kioo imefungwa kama kawaida.

Sijui kama ananiruhusu au ananilaumu. Labda hata yeye hajui. Nimelelewa vizuri, kila mtu kanisani huniambia hivyo, na leo nimekaa mbele ya kabati najiuliza: siku nyingine, ikiwa ni Naibu, je, mkono wangu utashuka tena?

Jiwe sijaligusa. Lakini nimepima kwa macho, na ninalifikia bila kupanda kiti.