Mgeni wa Ndege ya Jeshi

Shikamoo dada Zainabu. Upepo wa ziwa unataka kuninyang'anya kadi hii, nami bado niko kiwanjani Musoma nasubiri ndege ya abiria.

Asubuhi walifika akina mama kutoka Suguti na ngoma yao na kikapu cha sato wa kukaanga. Mmoja wao alikuwa amepata habari kwamba mwanawe, askari, anarudi na ndege ya jeshi. "Kwetu kwa ndege wanakujaga wakubwa tu," aliniambia akicheka. "Mwanangu ameshakuwa mkubwa. Kula samaki, baba, kula!"

Ndege ikatua, wakapiga vigelegele. Mlango ulipofunguliwa, wanajeshi wakateremsha jeneza. Vigelegele havikukatika mara moja, maana waliokuwa nyuma hawakuona.

Aliyepeleka habari alimficha msiba, kama tunavyofichana siku zote, tukijiita wenye huruma. Yule mama alivua kanga kichwani, akajifunga kiunoni, akaifuata maiti. Mimi nilibaki na sato mdomoni, simezi wala sitemi.

Wabusu watoto. Na huyo mwanao Mashaka aliyeko jeshini, dada, muombee arudi kwa basi.

Mdogo wako, Rajabu