Mama Mkwe Alisema Alhamdulillah Mwanangu Alipokufa

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekwama, mimi ni Mkatoliki mzaliwa wa Mpimbwe, niliolewa bomani na Yasini, Mwislamu mvuvi wa dagaa wa Kapalamsenga, na mama yake mwanzoni hakunitaka kwa sababu ya dini lakini tukakaa hivyo hivyo mpaka nikamzaa Zaina, hapo akalegea, akawa anambeba mtoto hata kunizidi mimi. Masika yaliyopita surua iliingia kijijini, Zaina akaugua, akafia mikononi mwa bibi yake mimi nimekwenda kuchota maji, narudi nakuta watu wamejaa uani, na yule mama akatoka ndani akasimama mbele ya watu wote akasema, "Alhamdulillah." Neno hilo nalijua, Mshauri, analisema akishiba, analisema akipiga chafya, analisema mitumbwi ikirudi imejaa, sasa mtu analisemaje juu ya maiti ya mwanangu kama hakufurahi? Wala hakulia kwa sauti kama tunavyolia sisi, ila kanga yake ilikuwa imelowa kifuani, nadhani ni maji aliyokuwa akimkandia mtoto.

Nilimwuliza Yasini, akanijibu, "Ni neno letu la dini, achana nalo," nikaona wananificha, nikafunga nguo zangu nikaja kwa dada yangu Katarina hapa Shanwe, na kwa uchungu nikawaambia ndugu zangu kuwa mama mkwe ndiye aliyemla mtoto kwa uchawi. Kaka yetu Gelasius akalishika neno hilo, akaenda Inyonga kuwatafuta kamchape, wale wanaowanyoa na kuwachanja mbele ya kijiji watu wanaosemwa ni wachawi, anasema wakishamnyoa atahama mwenyewe. Yasini alikuja kunifuata nikamfukuza, mama mkwe akanitumia kikapu cha dagaa wakavu nikakirudisha. Sasa kamchape wamekubali, Gelasius ananingoja mimi tu niseme twendeni, na mimi nikikumbuka yule mama alivyokuwa akimbeba Zaina moyo unasita. Niwaache waende, au nifanyeje?

Natalia, Shanwe, Mpanda

Jibu:

Pole sana, Natalia. Kumzika mtoto ni uchungu ambao hakuna mshauri wa gazeti anayeweza kukuondolea, nami sitajidai. Lakini baada ya pole kuna kugombezwa, kwa hiyo kaa chini.

Neno hilo maana yake ni kwamba sifa zote ni za Mungu. Basi. Halina maana ya "nimefurahi". Mimi pia si Mwislamu, kwa hiyo nilimwendea mwalimu wa madrasa aliye jirani yangu nikamsomea barua yako. Akanieleza kuwa Mwislamu hufundishwa kumsifu Mungu kwa shibe na kwa njaa, kwa mtoto anayezaliwa na kwa mtoto anayezikwa, na kwamba mzazi aliyefiwa na mtoto akaweza kumsifu Mungu saa ile ile huahidiwa nyumba peponi, nayo huitwa Nyumba ya Sifa. "Huyo bibi," akaniambia, "alikuwa anajishikilia asianguke." Kuomboleza kwa makelele wamekatazwa, machozi hawakukatazwa. Na wewe unaniandikia habari za maji ya kukandia! Yalikuwa machozi, Natalia, na uliyaona.

Halafu nyie wenyewe je? Padre akizika mtoto, hamlihimidi jina la Bwana aliyetoa na kutwaa? Mbona padre hujamtafutia kamchape?

Mumeo naye ana lake. Mwanamume mzima anaulizwa na mama aliyefiwa, anajibu "achana nalo"! Yasini, kama kuna anayekusomea gazeti hili, maneno mawili ya kueleza yangemfanya mkeo awe nyumbani leo.

Sasa usikie la kufanya. Leo hii, kabla hujainjika sufuria, waite Gelasius na Katarina, na balozi wa nyumba kumi awe shahidi. Useme kwa kinywa chako kwamba mama mkwe hakumla mtu, Zaina aliuawa na surua. Usijitetee kwa "nilidhani", sema ulimsingizia. Gelasius akikaza shingo, balozi ampeleke kwa katibu kata, hata kama ni kaka yako. Mwanamke mzee akishanyolewa mbele ya kijiji, mtaomba radhi mpaka mchoke na jina la uchawi halitamtoka. Nywele zitaota, lakini hakuna mama atakayempa tena mtoto ambebe. Hilo ndilo unalotaka kumfanyia mtu aliyemkandia mwanao mpaka mwisho.

Ukishamaliza hapo, panda lori la kwanza linaloelekea ziwani. Usingoje Yasini aje tena kukubembeleza. Ukifika, usianze kumhoji mama wa watu habari za neno lake. Mwamkie, mwombe radhi, kaa naye jikoni, na akikupa dagaa safari hii ule. Dini yako baki nayo, hakuna aliyekuambia useme asemavyo yeye. Ukishindwa kuishi na Yasini, hilo tutalizungumza siku nyingine, lakini masingizio yako uyafute kwanza.

Mama huyo amempoteza mjukuu na mkwe kwa pamoja. Atakapokuona umesimama uani kwake, neno la kwanza litakalomtoka unalijua. Safari hii usikimbie.