Kibao cha Ng'ombe Kiko Nyuma ya Meza Yangu

Bi. Notburga mpendwa, naomba unijibu katika safu yako ya gazetini kabla ya Jumapili, maana sina mwingine wa kumuuliza. Mimi ni karani wa ofisi ya wageni katika mji wetu mdogo wa soko, na kila asubuhi nawaelekeza wageni kwenye mnara wa kanisa, chemchemi ya uwanjani na ile njia rahisi ya kupanda hadi mkahawa wa malishoni, ambayo hata bibi mwenye viatu vya kanisani anaiweza, isipokuwa msimu huu inakatiza katikati ya ng'ombe wenye ndama, na ng'ombe mwenye ndama akiona mbwa haulizi ametoka wapi. Mama Kreszenz, mwenye malisho, alisimamisha kibao cha kukataza mbwa, lakini Bwana Hinterleitner, mwenyekiti wa ofisi yetu, akaniagiza nikaking'oe kwa kuwa kinafukuza wageni, na mkahawa ule ni wa shemeji yake, nami nikaking'oa, na sasa kimeegemea ukuta nyuma ya meza yangu, na Jumapili wanakuja wastaafu kutoka mji wa Linz na vijibwa vyao. Nilipomkumbusha mwenyekiti habari za ndama alinicheka mbele ya wenzangu.

"Kijana, umesoma sana lakini hujakamua hata siku moja. Ng'ombe wetu wapole, wamezoea kupigwa picha."

Jana Mama Kreszenz alipita ofisini akauliza kama kibao chake kimepanda mlima peke yake, nami nikainamia kompyuta. Najua mtu akikanyagwa, korti itamgeukia yeye mwenye ng'ombe. Lakini mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nifanye nini nisimuudhi mtu?

Mwenye Hofu, Steiermark, Austria

Mwenye Hofu,

Nisimuudhi mtu! Wazee wa watu wanapelekwa kukanyagwa, nawe unatafuta njia ya adabu. Kazi ya kwanza inatisha, hilo nalijua, na pole. Ila umekiogopa kishungi cha manyoya kwenye kofia ya mwenyekiti kuliko pembe za ng'ombe.

Mwenyekiti wako anajua picha, hajui ndama. Kama ng'ombe ni wapole hivyo, mwombe Jumapili aongoze msafara mwenyewe, kijibwa mkononi. Utashangaa atakavyokumbuka ana shughuli kwingine.

Sasa inuka. Kibebe kibao hicho mchana kweupe, upite katikati ya soko watu wakuone, ukampe Mama Kreszenz na umwambie ni wewe uliyeking'oa. Atakutukana. Msikilize mpaka amalize, halafu umshikie nguzo apige nyundo. Kisha wapigie simu watu wa Linz: wenye mbwa wapite njia nyingine, ya kando ya kijito, wengine wapande wakikaa mbali na ndama. Na mkaidi akipita na mbwa wake, ng'ombe wakimjia, aachilie kamba. Mbwa ana mbio, yeye hana.

Unaweza kufukuzwa, sikudanganyi. Na mwenyekiti akija juu akiuliza nani amekirudisha, usiinamie kompyuta tena. Mtazame usoni umjibu: mimi.