Zawadi Amerudiwa na Pumzi

Mwalimu Yusta,

Zawadi amemaliza mbio. Nataka ulisikie hilo kabla ya habari nyingine yoyote. Leo asubuhi, hapa kwenye uwanja wa shule Makere, binti yako amekimbia kwenda na kurudi na wenzake mpaka mwisho, akasimama kwa miguu yake mwenyewe, akaniomba maji. Machozi yakanitoka. Wasichana wakanicheka, nikawaacha wacheke.

Tangu tulipokuzika, timu ya mpira nimeishika mimi. Unanijua. Nilipokuwa mchezaji wako nilipenda kasi tu, nawe ulikuwa unanifokea, "Leokadia, pumzi kwanza! Kasi peke yake itakufikisha dakika ya kumi!"

Zawadi ana kasi kama yangu ya zamani, tena ananizidi. Mbio fupi hakuna wa kumshika. Lakini miezi michache baada ya msiba alianza kuishiwa pumzi. Kipindi cha pili anatembea tu, mikono kiunoni. Nikamwongezea mizunguko. Nisamehe, Mwalimu. Nilimwita mvivu, mbele ya timu nzima. Alizunguka mara mbili, mara ya tatu akaanguka.

Nilimpeleka hospitali Kasulu kwa bodaboda, nimemshikilia kati yangu na dereva, nikiwaza mama yako nitamwambia nini. Bibi wa watu amekuzika wewe, halafu nimletee na hili? Nilidhani ni moyo.

Daktari alimpima akasema moyo ni mzima, ila damu iko chini sana. Akamuuliza Zawadi kuhusu siku zake za mwezi. Mtoto akainamisha kichwa. Damu ilikuwa inamtoka nyingi mno, wiki nzima na zaidi, na alikuwa anaficha.

"Nilikuwa namwambia mama," akasema. "Sasa sikujua nimwambie nani."

Na mimi nilikuwa naye kila jioni, Mwalimu. Kila jioni! Nimeshika saa, namhesabia sekunde.

Basi, amepewa vidonge vya kuongeza damu, na dawa ya kupunguza ile hedhi. Mama yako alininunia siku tatu. Siku ya nne nikamkuta anampikia mjukuu wake mboga ya lengalenga na dagaa, akaniambia, "Kaa, nawe ule." Nikajua yameisha. Daktari aliporuhusu, tukaanza upya polepole: kutembea, kukimbia kidogo, kupumzika. Mbio za kasi tukaziacha mpaka mwisho, ulivyokuwa ukitufundisha. Wiki hadi wiki nikaona rangi inarudi usoni mwake. Juzi nimemsikia akibishana na kipa kwa sauti kubwa, nikashukuru Mungu.

Sasa nalala usingizi. Nawe lala, Mwalimu wangu, mtoto yuko salama. Nakuahidi, msichana yeyote akiniambia amechoka, nitakaa naye pembeni, nimuulize, na nitamsubiri mpaka aseme.

Mwanafunzi wako,
Leokadia