Picha ya Mguu wa Doa

Dodoma, kambi ya reli,
9 Agosti 1912

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, Mama, mdogo wangu Ruthu na zizi zima, maana najua ukiulizwa hali yako huanza na ya ng'ombe. Mimi sijambo, ila vumbi la Dodoma limenikausha midomo na kikohozi hakijaniacha vizuri. Mwalimu Bartolomayo, wewe unayemsomea Baba barua hii, nakusalimu pia, na nina ombi moja: soma yote, hata kule mwisho utakapotamani kuruka.

Baba, habari unayoingojea ni hii: mbwa wetu Doa yu hai, na mguu ule uliotunga usaha tangu alipopigana na fisi mlangoni mwa zizi, sasa anaukanyagia. Jana alimfukuza kuku wa mpishi, akamrudisha bila manyoya ya mkia. Nilifurahi mpaka nikasahau kumkaripia.

Nilipoondoka naye Mvumi uliniambia kwamba asipopona nisikuletee maneno, nikuletee kamba yake tu. Nilimbeba mabegani siku mbili kama mbuzi mgonjwa. Huko nyumbani mnaniita msaidizi wa daktari, nami sikuwahi kuwasahihisha, lakini ukweli ni kwamba kazi yangu hapa ni kushika miguu ya nyumbu wakati Bwana Daktari anapowatibu. Bwana huyu ni Mjerumani, daktari wa wanyama wa reli, na amekuja na mashine ya kupiga picha za mifupa. Mnyama hulazwa juu ya meza, kioo huwekwa chini ya kiungo kinachouma, mtu anazungusha gurudumu kubwa kwa mkono mpaka cheche zinalia, na baadaye kioo kikioshwa kwa dawa unauona mfupa wenyewe, nyama ikiwa kama moshi tu. Nilimsihi Bwana siku tatu ampige Doa picha hiyo, na siku ya nne akachoka nami akakubali.

Sasa nikueleze juu ya Halfani, maana barua hii ni yake kuliko yangu. Halfani ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu mshika dini, mtu wa makamo mwenye maneno machache. Yeye ndiye mzungusha gurudumu, na hakuna mwingine hapa anayeweza kuliendesha kwa mwendo mmoja bila kuchoka. Aliipenda mashine ile kama wewe unavyompenda dume lako jekundu. Aliifuta vumbi kabla hajajifuta yeye.

Shida ya picha ni kwamba mnyama akitikisika kidogo tu, kioo hakionyeshi kitu. Kwa hiyo Bwana alikuwa na amri kwamba kila mbwa apewe dawa ya usingizi kwa kitambaa puani. Halfani aliwahi kumwambia kwa adabu kwamba mbwa hawafanani, kwamba yupo wa kulazwa kwa dawa na yupo wa kutulizwa kwa mkono. Bwana alimjibu kwamba kazi yake ni gurudumu. Akaamuru Doa afungiwe tangu jioni, asile wala asinywe, na Halfani akawekwa kumlinda.

Asubuhi tukamlaza. Alivuta dawa ile, macho yakalegea, nami nikawa najisifu moyoni kwamba mbwa wetu ni mpole. Ghafla tumbo likapanda, akatapika akiwa usingizini, matapishi yakamziba koo. Ulimi ukageuka rangi ya majivu. Bwana alikuwa amempa mgongo, anatengeneza kioo chake. Mimi, Baba, nilisimama nimeshika miguu ya nyuma kama mtu aliyetumwa kushika miguu tu.

Halfani aliliacha gurudumu. Alitia vidole kooni mwa Doa akachokoa yaliyokuwamo, akamfumba mdomo kwa mikono miwili, akaweka kinywa chake juu ya pua ya mbwa, akapuliza. Akapuliza tena na tena, mpaka ubavu ukainuka wenyewe. Na wewe unajua watu wa dini yake wanavyojihadhari na mate ya mbwa. Akiguswa nayo mmoja wao, huosha mahali pale mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Halfani aliosha mikono na uso mara saba, mimi nikimmiminia, na wala hakugusa pipa la kambi kwa maji hayo. Alikwenda kuyachota kwenye visima vya mchanga mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi katika kiangazi hiki. Nilimtazama nikaona haya kuwa kijana mwenye nguvu zangu.

Bwana Daktari alipoona kitambaa kimelowa matapishi, aliuliza nani amemlisha mbwa. Akamuuliza Halfani kama aliuacha mlango, na Halfani akakiri kwamba alfajiri alikwenda kuswali. Basi ikawa hivyo. Alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele yetu sote, kisha akaondolewa kwenye gurudumu, akapewa kazi ya kubeba maji. Nilihesabu viboko vyote, Baba.

Ungedhani angemchukia mbwa yule. Kumbe siku ya pili, mgongo ukiwa umevimba hata kanzu haivaliki, alimwomba Bwana ampe siku tano na Doa bila dawa. Bwana alikubali kwa sababu hakutaka mbwa amfie mezani. Halfani akaniambia kwamba picha yenyewe haimuumizi mbwa. Kinachomtisha ni meza ya baridi, mlio wa cheche na mkono asioujua. Akatandika ngozi ya mbuzi juu ya meza. Kila siku alimpandisha Doa, mimi nikizungusha gurudumu, kwanza polepole bila cheche, kisha na cheche, naye amemwekea kiganja nyuma ya sikio akimsemesha Kirangi. Na kila siku, akilambwa, aliosha mara saba. Siku ya tano Doa alipiga mwayo katikati ya kelele.

Tukapiga picha akiwa macho, ametulia kuliko mimi. Kioo kilipooshwa tukaona mfupa mzima, na kando yake ncha ya jino la fisi imezama nyamani. Kulitoa kulihitaji kisu, na kwa kisu Halfani mwenyewe ndiye aliyesema kwamba sasa dawa ya usingizi ni lazima, ila tumbo liwe tupu. Usiku ule alilala kwa kuegemea mlango. Jino likatoka, na Bwana akafuta mstari wa amri ile katika daftari lake na kuandika mwingine, kwamba si kila mbwa wa kulazwa kwa dawa anapopigwa picha. Jina la Halfani hakuliandika.

Hapa ndipo ninapokuomba Mwalimu usiruke. Baba, aliyemlisha Doa ni mimi. Nilikumbuka kwetu mbwa aliyelala zizini hula kabla ya mwenye zizi, nikaona ni aibu mbwa wako apandishwe meza ya kigeni na njaa. Halfani alipokwenda kuswali niliingia nikampa ugali wa uwele na maziwa ya mgando, akala akamaliza. Kisha nikasimama nikahesabu viboko vya mtu mwingine.

Jana nilimwendea Halfani kisimani nikamwambia. Hakushtuka. Alisema alijua tangu siku ile, kwa kilichotoka kooni mwa Doa, maana kambi nzima hakuna alaye uwele kwa maziwa ila mimi, mwenye unga wa Mama. Alikifukia kwa mguu kabla Bwana hajageuka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mlango aliuacha yeye, na hakuona faida ya kuchapwa watu wawili. Ila, akasema, kila asubuhi nilipokuja kumsalimu alikuwa akingoja kusikia kama ni siku hiyo nitasema.

Leo nimekwenda kwa Bwana Daktari nikasema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipangia hamsa ishirini zangu Jumatatu, kisha akamwita Halfani arudi kwenye gurudumu. Nilikisikia kicheko cha Halfani kwa mara ya kwanza.

Msalimie Mama, na Ruthu, na jirani zetu wote wa Mvumi. Doa nitamleta kwa miguu yake nikiweza kutembea. Na wapita njia wakikwambia wamemwona mwanao akichapwa Dodoma, Baba, usiwaambie nimeonewa.

Ni mimi mwanao,
Methusela